Asali ya kupaka: jinsi ninavyoigandisha ikawa laini kama siagi

Mzigo wangu wa kwanza kupeleka Iringa mjini ulinirudia. Mwishoni mwa Mei niliacha kwenye duka moja chupa arobaini na mbili za asali iliyokuwa ikimeremeta. Katikati ya Julai mwenye duka akanipigia simu: "Mama, njoo uchukue mzigo wako, wateja wanasema umetia sukari." Nilizikuta zote zimeganda. Chini kulikuwa na chembe kubwa zinazolia kwenye meno, juu kulikuwa na maji ya njano yenye povu, na vifuniko vya chupa kadhaa vilikuwa vimeanza kufura. Nilirudi nazo Njombe kwa basi, maboksi miguuni, na njia nzima sikusema na mtu.

Asali ile niliijua ilikotoka. Ilirinwa kwa baba yangu mdogo, Singida, kwenye mizinga inayopakana na mashamba ya alizeti, na siku ya kurina mimi ndiye niliyekuwa nikipuliza moshi. Haikuwa na punje ya sukari ya dukani. Kilichoniuma ni kwamba sikuwa na jibu la kumpa yule mwenye duka. Nilijua asali huganda, ila sikujua kwa nini, wala sikujua kwamba mtu anaweza kuamua igande vipi.

Sasa asali ileile ya alizeti naiuza ikiwa imeganda tayari. Ni nyeupe kama maziwa yenye tone la chai, kisu kinapita bila kukwama, na ukiipaka kwenye mkate inakaa ulipoiweka, haichuruziki hadi kwenye kiwiko cha mtoto. Haina kilichoongezwa. Ni asali na baridi na subira ya siku kumi hivi. Ninaandika hatua zote hapa kwa ajili ya mfugaji nyuki yeyote aliyewahi kuambiwa ni mwizi kwa sababu asali yake imeganda.

Kinachotokea ndani ya chupa

Asali kwa sehemu kubwa ni sukari mbili alizozitengeneza nyuki kutokana na mbochi wa maua: fruktosi, kama asilimia 38, na glukosi, kama asilimia 31. Maji ni asilimia 17 au 18 tu. Maji hayo ni machache mno kwa sukari yote hiyo, kwa hiyo glukosi, ambayo ni nzito kuyeyuka, hutafuta pa kujishikiza na kuwa chembe. Hujishikiza kwenye chavua, kwenye kipande cha nta, kwenye kiputo cha hewa. Asali yenye glukosi nyingi, kama hii ya alizeti, huganda ndani ya wiki chache. Nyingine hukaa mwaka mzima ikiwa majimaji. Niliwahi kununua asali nyeusi iliyorinwa karibu na mashamba ya parachichi hapa Njombe, na hadi naimaliza haikuonyesha dalili.

Ukubwa wa chembe unategemea idadi yake. Fikiria sinia la pilau kwenye shughuli. Likikaliwa na watu watatu, kila mmoja ananyanyuka ameshika kiuno. Likikaliwa na watu hamsini, kila mtu anapata tonge. Asali ikiachwa yenyewe, chembe chache huanza, kila moja hujilia taratibu hadi inakuwa kama changarawe. Ukiingiza chembe ndogondogo nyingi mno kwa mara moja, glukosi hugawanyika kwa zote na hakuna inayopata nafasi ya kunenepa. Ulimi hauzihisi tena, unahisi ulaini tu. Hizo chembe unazoziingiza ndizo tunaziita mbegu, na karibu kazi nzima ni mbegu hiyo.

Aliyeipanga njia hii vizuri ni Elton Dyce, mtaalamu wa nyuki wa Chuo Kikuu cha Cornell kule Marekani, aliyepewa hataza yake, yaani haki ya mvumbuzi, mwaka 1935. Alikuwa akichunguza jambo lilelile lililozipata chupa zangu: asali ikiganda, glukosi huacha sehemu ya maji iliyokuwa imeyashika, yale maji huongezeka katika asali ya juu ambayo haijaganda, na hamira za porini zilizomo hupata uhai zikaanza kuchachusha. Povu langu la Iringa ndilo hilo. Kipimo chake cha nyuzi joto 14 bado ndicho ninachokitumia, na nimejaribu kukikiuka mara nyingi.

Kuganda hakumshitaki mtu wala hakumwokoi. Asali safi huganda, na iliyochakachuliwa kwa sharubati za viwandani inaweza kukaa majimaji muda mrefu sana. Mteja anayepima ukweli kwa macho hayo anaweza kumkimbia mkweli akamkumbatia tapeli.

Asali ya kuanzia

Tumia asali iliyoiva. Sega liwe limefunikwa na nyuki wenyewe kwa nta, angalau theluthi mbili yake. Masega yaliyo wazi yana mbochi mbichi ambao bado una maji mengi, nao utakuchachia hata ukigandisha kwa ustadi gani. Unyevu ukiwa kati ya asilimia 17 na 18 ni sawa kabisa. Ukiwa chini ya hapo sana, asali itaganda ngumu kama sabuni. Ukipita 19, usiigandishe, iuze kwa wanaokula haraka au ipikie.

Kupima kunahitaji refraktomita, kifaa kidogo cha mkononi kinachosoma unyevu kwa tone moja la asali. Sisi wanawake sita tulichanga tukanunua kimoja na kinazunguka nyumba hadi nyumba kila msimu. Najua wapo wanaopima kwa kugeuza chupa na kutazama kiputo kinavyopanda, au kwa kumwagia asali kwenye maji. Njia hizo zinakuonyesha uzito wa asali kwa kukisia tu, na tofauti kati ya 18 na 20 huwezi kuiona kwa macho. Kama huna kifaa, shika masharti ya sega lililofunikwa, na urine siku kavu. Asali hunyonya unyevu wa hewani, hivyo ndoo isikae wazi wakati wa mvua.

Asali ya nyuki wadogo, wale wasiouma, usiiguse kwa kazi hii. Ni tamu na watu wanaipenda kwa sababu zao, lakini maji yake ni mengi mno, haitashika.

Na asali iliyorinwa kwa moto mkubwa ikanuka moshi itabaki ikinuka moshi. Ulaini hauifichi harufu. Naona hata inaidhihirisha zaidi, kwa sababu asali ya kupaka inakaa mdomoni muda mrefu.

Kuiyeyusha na kuichuja

Kabla ya kupanda mbegu yako, futa mbegu zote za porini. Asali ikiwa na hata chembe chache kubwa zilizokwisha kuanza, zitakuharibia.

Weka ndoo au sufuria ya asali ndani ya sufuria kubwa zaidi yenye maji, chini ukatandika vijiti viwili au kitambaa kilichokunjwa ili asali isikalie moto. Maji yapashwe hadi asali ifike nyuzi 45 mpaka 50, si zaidi. Nunua kipimajoto cha jikoni. Kabla sijawa nacho nilikuwa natumia kidole: maji ya nyuzi 50 unaweza kutia kidole ukahesabu sekunde chache kabla hakijaanza kukuunguza. Koroga mara kwa mara. Ndoo ya lita 20 ina asali ya kilo 28 hivi, na kuiyeyusha yote kunachukua nusu siku, wakati mwingine usiku kucha kwenye jiko la mkaa lililofunikwa majivu. Usiharakishe. Asali iliyopashwa sana inakuwa nyeusi, harufu ya maua inatoka na mvuke, vimeng'enya vinakufa, na kunazalika kemikali inayoitwa HMF, alama ya asali iliyopashwa sana, ambayo wanunuzi wakubwa huipima. Codex, viwango vya kimataifa vya vyakula, inaruhusu miligramu 40 kwa kilo, na 80 kwa asali inayotoka nchi za joto kama zetu.

Dyce mwenyewe alipasha asali hadi nyuzi 66 ili kuua hamira, kisha akaipoza haraka. Kwa kiwanda chenye mitambo ya kupoza kwa dakika chache, sawa. Jikoni kwangu asali ikifika 66 inakaa na joto hilo saa nyingi kabla haijapoa, na inaharibika. Ndiyo maana nasisitiza unyevu: asali iliyo chini ya asilimia 18 haihitaji moto huo.

Ikishakuwa nyepesi na unaona chini ya chombo bila ukungu, ichuje ingali na joto. Chujio la kwanza ni lile la waya. La pili ni kitambaa cha nailoni, nami natumia kipande cha pazia jepesi kilichofuliwa kwa maji ya moto na kukauka kabisa. Kitambaa kiwe kikavu, kijiko kiwe kikavu, mikono iwe mikavu. Tone la maji ni adui katika kila hatua ya kazi hii.

Acha ndoo imefunikwa hadi kesho yake. Povu na vinta vitapanda juu. Viondoe kwa kijiko kipana. Povu hilo mama mkwe wangu hulipaka kwenye viazi vitamu, halitupwi.

Mbegu

Unahitaji mbegu ya asilimia 10 ya uzito wa asali. Asilimia 5 inatosha ukiwa mzoefu, ila mwenye kuanza asijibane. Kwa kilo 5 za asali, gramu 500 za mbegu. Kwa ndoo nzima ya kilo 28, karibu kilo 3. Pima kwa mizani, usipime kwa vikombe.

Mbegu ya kwanza ndiyo inayosumbua watu. Ukipata chupa ya asali ya kupaka kutoka kwa mtu aliyeifanya vizuri, umemaliza. Ninayo mbegu ambayo nimeiendeleza toka msimu hadi msimu, na ukoo wake ni kinu cha kutwangia vitunguu saumu.

Nilifanya hivi. Nilichukua asali iliyoganda yenyewe, ile niliyorudishiwa, chupa ambazo hazikuwa zimechacha. Nikamwaga majimaji ya juu. Nikatia vijiko viwili vya ile chembechembe kwenye kinu cha jiwe na kuisaga kwa mchi, kwa mzunguko, si kwa kutwanga. Dakika kumi kwa kila vijiko viwili. Ilianza ikilia kama mchanga chini ya kiatu. Halafu sauti ikapungua. Halafu ikanyamaza kabisa na rangi ikageuka kutoka manjano kuwa nyeupe. Hapo unaonja: weka kidogo kati ya ulimi na kaakaa, usugue. Ukihisi hata punje moja, rudisha kinuni. Mbegu huzaa watoto wanaofanana nayo, na punje moja kubwa leo ni punje elfu wiki ijayo.

Nilisaga gramu 300 kwa jioni mbili, nikiwa nimekaa kwenye kigoda, mikono ikiuma. Kwa gramu hizo nikatengeneza kilo 3. Katika hizo kilo 3 sikuuza hata kijiko. Zote zilikuwa mbegu ya ndoo iliyofuata. Kwa hiyo saga mara moja tu maishani, kisha izalishe.

Mashine ya kusagia matunda nimeijaribu. Visu vinapasha asali na kuijaza hewa, na chembe nyingine zinayeyuka. Ukiwa huna njia nyingine, saga kwa sekunde chache chache na upumzishe katikati. Mimi nimerudi kwenye kinu.

Alizeti ndiyo inayotoa mbegu bora niliyowahi kuiona. Inaganda haraka na inasagika nyeupe. Mbegu ya alizeti naipanda hata kwenye asali ya miombo ninayoletewa kutoka Manyoni, ambayo yenyewe ingejikokota, na inaifuata.

Kupanda

Asali yako iliyochujwa lazima ipoe hadi nyuzi 24, na isizidi 28 kwa vyovyote. Watu wengi wanaharibu hapa kwa pupa: asali bado ina joto, wanatia mbegu, mbegu inayeyuka kimyakimya, na baada ya wiki mbili wanasema njia haifanyi kazi. Tia kipimajoto katikati ya ndoo, si pembeni, maana pembeni hupoa kwanza.

Chota asali kidogo kwenye bakuli, tia mbegu yote humo, uichanganye hadi uwe uji mmoja usio na mabonge. Kisha mimina uji huo ndooni. Koroga kwa mwiko mrefu wa mti, ukiuzamisha hadi chini na kuuzungusha polepole, dakika kumi na tano. Usiuinue na kuupiga kama unayepiga mayai ya keki. Ukiingiza hewa, utapata asali yenye vinyweleo na juu yake tanda la povu gumu. Nikimfundisha mtu namwambia akoroge kama anayesonga ugali wa watu wengi, nguvu iko chini na sufuria haitoi sauti.

Kuanzia hapa kuna njia mbili. Ya kwanza, unaacha ndoo usiku mmoja, unaondoa povu, unamimina kwenye chupa za kuuzia na kuziacha zigande humohumo bila kuguswa. Inatoa asali inayosimama wima, nzuri kwa macho, ila huwa ngumu kidogo. Ya pili, unaiweka ndoo baridini na kuikoroga dakika tano asubuhi na dakika tano jioni kwa siku nne au tano, ndipo unamimina. Hii ndiyo yangu. Kukoroga kunavunja chembe zinazotaka kushikana na asali inabaki laini hata kwenye baridi ya Julai. Shughuli yake ni kwamba siku ya nne mwiko unakuwa mzito kweli, na lazima umimine kabla haijakataa kutoka ndooni. Mwaka jana nilichelewa siku mbili kwa ajili ya msiba, nikaikuta imesimama, na ikabidi niipashe hadi nyuzi 30 kwa siku nzima ndipo ikakubali kumiminika.

Mahali pa kuiweka

Nyuzi 14. Hapo asali ni nzito kiasi cha kuwezesha chembe kuzaliwa kwa wingi, na bado si nzito mno kiasi cha kuzizuia kusambaa. Kati ya 10 na 18 utapata matokeo yanayokubalika. Juu ya hapo chembe huzaliwa chache na kunenepa. Chini ya hapo kila kitu kinasinzia.

Bahati yangu ni kuolewa Njombe. Mji uko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na kuanzia Juni hadi Agosti, wakati wa kipupwe, watu wanatembea na makoti mchana. Mama mkwe ana stoo ya kuhifadhia mbegu za viazi, ya tofali nene, dirisha dogo la kusini, sakafu ya udongo. Nilining'iniza kipimajoto humo wiki nzima, nikisoma asubuhi, adhuhuri na usiku: kilikuwa kinacheza kati ya 12 na 15. Nilimwomba kona. Akasema, "Mwanangu, viazi havili asali." Kona hiyo ndiyo kiwanda changu. Ndoo zifunikwe barabara, kwa sababu asali huvuta harufu, na asali yenye harufu ya viazi haiuziki.

Mwenye kuishi Mbeya, Makete, Lushoto, Mufindi, au kwenye miinuko ya Kenya kama Limuru na Nyandarua, atafute chumba cha aina hiyo kwanza kabla ya kununua chochote.

Kwenye joto inawezekana pia. Mdogo wangu yuko Dar es Salaam, Tabata, na amefanikiwa kwa kasha la plastiki la kuhifadhia samaki. Anaweka ndoo ndogo ya kilo 5 katikati, pembeni chupa za maji yaliyogandishwa, mbili asubuhi na mbili jioni, na kipimajoto ndani. Siku ya kwanza ilishuka hadi 7, akapunguza chupa. Ni kazi ya kuangalia, lakini ilimchukua siku tisa na asali ikashika. Friji ya kawaida ina nyuzi 4 hivi, humo asali inasinzia. Ila friji kuukuu ya soda ambayo unaweza kuiweka kwenye baridi ndogo kabisa huwa inafika 12 au 14, na hiyo ni mali. Baba mdogo kule Singida, ambako hewa ni kavu, alijaribu mtungi ndani ya mtungi wenye mchanga uliolowa katikati. Wakati wa kipupwe ulimfikisha 17. Kwa pwani usijisumbue nao, hewa yenye unyevu haitakausha mchanga.

Kujua imeiva

Baada ya siku tano hadi kumi, pitisha kisu. Kikipita na kuacha mfereji usiojifunga, na asali ikabaki kwenye kisu bila kudondoka, imekamilika. Rangi iwe moja juu hadi chini. Asali nyeusi ya miombo inageuka kahawia kama karanga zilizosagwa. Ya alizeti inakuwa karibu nyeupe. Wateja wengine hudhani nimetia maziwa, kwa hiyo kwenye lebo nimeandika: *Asali tupu. Imegandishwa kwa baridi. Haina nyongeza.*

Ikiwa ngumu mno, iweke chupa mahali penye nyuzi 28 hadi 30 kwa siku moja, kisha ikoroge kwa kisu cha mezani. Ikibaki teketeke baada ya wiki mbili, ama mbegu ilikuwa chache, ama mahali palikuwa na joto, ama unyevu ulikuwa mkubwa; pima unyevu kwanza, maana huo ndio usio na dawa. Ikiwa na chembechembe, mbegu haikusagika. Iyeyushe yote upya na uanze na mbegu nyingine. Hakuna kilichopotea ila siku zako na harufu kidogo. Ikiwa na maji juu na harufu ya pombe, imechacha, usimuuzie mtu.

Kuna jambo moja linalowatisha watu bure. Asali ikiganda husinyaa kidogo, inajivuta kutoka kwenye ukuta wa chupa, na kwenye nafasi hiyo hujitokeza michoro myeupe kama moshi au kama maua. Mteja mmoja alinitumia picha akisema ni kuvu. Siyo. Ni hewa na chembe kavu. Asali yenye unyevu mdogo huonyesha zaidi, na mimi nikiiona ninafurahi.

Chupa ziwe za mdomo mpana ambao kijiko cha chakula kinaingia. Zile za kubinya zenye ncha usizitumie. Ukitaka viungo, tia vilivyokauka na kusagwa: mdalasini kijiko kimoja cha chai kwa kilo, au iliki nusu yake, wakati wa kukoroga mara ya mwisho. Tangawizi mbichi, ndimu au matunda yana maji, yataichachusha. Binafsi naiuza tupu. Nyuki wamekwisha kutia viungo.

Kuisafirisha na kuitunza

Hili linahitaji uangalifu kuliko watu wanavyodhani. Asali ya kupaka inaanza kulegea ikipita nyuzi 25 kwa siku nyingi, na ikikaa kwenye 30 na zaidi hutengana, majimaji juu, chembe chini. Ikipoa tena hujigandia yenyewe ovyo. Kwa hiyo mzigo wa Dar naupakia basi la usiku, ndani ya boksi lililotandikwa magazeti, na mpokeaji namwambia asiuache kwenye ofisi ya mizigo hadi saa sita mchana. Duka lisiipange dirishani kwenye jua. Nyumbani Dar, Mombasa au Tanga iwekwe kwenye mlango wa friji na itolewe nusu saa kabla ya chai. Hapo inapakika juu ya chapati ya moto, juu ya muhogo wa kuchemsha, juu ya kitumbua, na watoto hawagombani na meza inayonata. Watoto wenyewe wawe wametimiza mwaka mmoja. Aliye chini ya mwaka asipewe asali ya aina yoyote, iliyoganda au majimaji, kwa sababu inaweza kuwa na vijidudu vya botulizimu ambavyo tumbo lake bado halijaweza kuvishinda.

Mwaka wa pili nilirudi kwenye lile duka la Iringa nikiwa na chupa sita tu na mkate wa boflo. Nilikata mkate mbele ya mwenye duka, nikapaka, nikampa. Alitafuna, akanyamaza, akauliza inaitwaje. Nikamweleza habari yote ya glukosi na mbegu, na ya chupa arobaini na mbili. Alichukua zile sita, na wiki iliyofuata akaagiza boksi mbili.

Kila ninapomimina, chupa mbili za kwanza za kilo moja, na nyingine kubwa ya kuongezea, naziandika kwa kalamu ya wino mzito: MBEGU, na tarehe. Zinakaa nyuma ya magunia ya viazi, kwenye kona yenye baridi zaidi, na mama mkwe anajua kwamba hata akija mgeni wa kutoka Dodoma na fedha mkononi, hizo haziuzwi.